Yaya anaomba kibali cha siri Marekani, na sisi wa Bukavu tuko ndani ya fomu

Wale wenye ndugu Marekani wanaotafuta kazi za jeshi ao za kompyuta za serikali, hii inawahusu. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alishapata uraia kule, sasa kazi yake inadai kibali cha kuona siri za serikali, na fomu yao, SF-86, haina mwisho. Inataka wazazi, kaka na dada wote hata walishakufa, walizaliwa lini, wapi, wanafanya kazi gani, adresi. Mama alicheka sana: "Adresi gani? Huku Kadutu banaulizaka tu uko jirani ya nani."

Sasa kuna wanaosemaka eti ukiwa na familia Kongo hawakupi, heri uandike wote walikufa vitani. Jamani! Huo uongo ndio unaua dosie, si sisi.

Tangu 2017, kwa kuamua nani apewe kibali, wanafuata maagizo yanaitwa SEAD 4, yako na vipengele 13, A mpaka M. B ni ya ushawishi wa kigeni. Kuwa na mama Bukavu si kosa, wanachopima ni kama mtu anaweza kumshika mama ili akubane wewe, kwa hiyo wanaangalia nchi gani, ndugu anafanya kazi gani (kaka akiwa askari ao mtu wa serikali, hiyo ni habari ingine), mnaongea mara ngapi, na pesa pia wanauliza, hata ile ya minerval (karo ya shule) ya watoto unayotumaka. Upande wa pili wa mizani wanaweka vyenye kukufunga Marekani: mke wako, watoto, nyumba, miaka uliyoishi kule. Sisi huku nusu ya familia iko Kamembe, Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, basi unaeleza nchi mbili.

E ndiyo inaniogopesha, ile ya mwenendo wa mtu. Juu tunajua kesi za wakimbizi kambini zilivyoandikwaka, Nyarugusu ya Tanzania, Nakivale ya Uganda: mtoto wa mama mkubwa anaandikwa mtoto wa nyumbani, mwingine anapunguziwa miaka ili apande ndege na wenzake. Mimi simuhukumu mtu, alikuwa anakimbia risasi. Lakini yale maandishi serikali ya Marekani ingali nayo, na SF-86 ikisema kingine mchunguzi ataona. Kudanganya makusudi mule kunaweza kukupeleka gerezani mpaka miaka 5, na mashaka yakibaki wanaamua kwa faida ya usalama wa nchi yao, si yako.

Kitu kimoja kinasaidia: kama uliacha jina ao uliandika vibaya, rekebisha mwenyewe mbio, kabla hawajakuwekea karatasi mbele. Maagizo yenyewe yanahesabu hiyo. Ila kama shida inatoka kwenye kesi ya ukimbizi, usiulize gurupu ya WhatsApp ya familia, tafuta kwanza avoka (mwanasheria) wa mambo ya uhamiaji, juu hapo si kazi tu, hata uraia unaweza kuguswa.