Kumbe nilikuwa nauguza vichwa viwili

Usiku wa ishirini na saba wa Ramadhani ya 2023 nilikuwa nimelala chini ya meza yangu ya kukatia nguo, hapa Ngamiani, Tanga, kanga nimejifunga kichwani kwa fundo, ndoo iko pembeni. Juu ya meza kulikuwa na magauni kumi na moja ya Idi ambayo hayajatiwa mikono. Wenyewe walikuwa wakipita baada ya tarawehe kuyaulizia, na binti yangu akiwajibu mlangoni, "Mama anaumwa kichwa." Nikamsikia mmoja anasema, "Kichwa tu?"

Kichwa tu! Mwenye kipandauso anaijua kauli hiyo.

Mimi nacho tangu ni mwari. Hushika upande wa kushoto nyuma ya jicho, kikagonga kama mtu anatwanga kisamvu, na hapo sitaki taa, sitaki sauti, sitaki harufu ya chochote, nikinywa hata maji yanarudi. Safari nyingine hutanguliwa na mwanga unaometameta pembeni mwa jicho, umevunjika-vunjika kama mshono wa zigizaga, unatambaa kwa dakika ishirini hivi kisha unazimika. Nikiuona nazima cherehani, kwa sababu kinachofuata nakijua. Zamani kilikuwa kinakuja mara mbili tatu kwa mwaka, na mimba zangu tatu zote kilinipa likizo. Kwa hiyo sikuwahi kukifanyia utafiti. Kilikuwa mgeni anayekuja, anasumbua, anaondoka.

Nilipofika miaka 45 mgeni akahamia. Siku zangu nazo zikaanza kuyumba: mwezi huu nakwenda mwezini baada ya siku ishirini na mbili, mwezi ujao zinapita siku hamsini mpaka nadhani nimeshika mimba uzeeni. Usiku naamka kanga imelowa jasho na si kwa sababu ya joto la Tanga, maana baba watoto pembeni yangu amejifunika shuka. Mambo haya mawili, kichwa na hedhi, sikuyaweka pamoja. Kila moja nililiona lina shida zake.

Kwanza nilitibiwa malaria. Nilikwenda kituo kimoja, kipimo cha haraka kikasema sina, nikapewa dawa ya malaria vilevile, "kwa tahadhari." Mahali pengine wakanipima presha, iko sawa. Nikapimwa macho, nikapata miwani ya kutungia sindano, ambayo kweli nilikuwa naihitaji, ila kichwa hakikuijali miwani. Wifi yangu akaniita kando akaniambia nina ruhani na anataka kufukiziwa udi kila Alhamisi. Namheshimu wifi yangu, lakini moshi wa udi ni katika vitu vinavyoniangusha haraka kuliko vyote. Nilifukiziwa mara moja. Nilitapika mpaka yeye mwenyewe akaniombea samahani kwa huyo ruhani.

Kilichobaki kilikuwa vidonge. Vile vya maumivu vinavyochanganywa na kafeini, vinavyouzwa kila duka. Viwili asubuhi kichwa kikianza kugonga, viwili mchana nisije nikakwama na kazi ya watu, viwili usiku ili nilale. Nilikuwa naviweka kwenye kopo la vifungo.

Baada ya Idi ile (magauni tisa yaliwahi, mawili hayakuwahi na wateja wale sijawaona tena) nikaenda hospitali kwa daktari wa kike, mtu wa makamo. Hakukimbilia kuandika. Aliniuliza mama yangu naye alikuwa na kichwa? Nikamkumbuka mama kajilaza chumba cha ndani, pazia limeshushwa, sisi watoto tunafukuzwa uani. Akaniuliza kilikwisha lini. Nikafikiri. Kilikwisha alipokoma hedhi, miaka kadhaa kabla hajawa bibi. Kisha akaniuliza, "Na hivyo vidonge, mama, unameza siku ngapi kwa mwezi?"

Nikamwambia sijui, nameza kinapouma.

"Basi nenda kaandike. Kichwa kimekuja siku gani, umemeza nini, na siku zako za hedhi. Usirekebishe kitu, andika tu, tuonane mwezi ujao."

Kuandika siku za hedhi si jambo geni kwangu, maana kila mwanamke anayefunga ana hesabu yake ya kadha, zile siku za saumu za kulipa. Nikaichukua kalenda ya ukutani ninayopewa na muuza nyuzi, ile yenye tarehe za miladia na hijria, nikawa natia herufi kwa penseli: K kwa kichwa, D kwa dawa, H kwa hedhi. Mwezi ulipokwisha nilisimama mbele ya ile kalenda nikaona haya. K kumi na tisa. D kumi na saba. H sita tu.

Daktari akaisoma kama mimi ninavyosoma pima za mteja. Akanionyesha kwamba K zilikuwa za namna mbili. Kuna zile nzito, nilizozizungushia duara mwenyewe, za kutapika na giza. Hizo zilianza siku mbili kabla ya hedhi na kumalizika siku ya tatu. Zilizobaki zilikuwa kichwa cha kila asubuhi, kizito, cha kichwa kizima, kinacholegea nikimeza na kurudi dawa ikiisha mwilini.

Cha kwanza alinieleza hivi. Siku chache kabla ya hedhi homoni ya estrojeni hushuka ghafla, na ubongo wa mwenye kipandauso hauvumilii kushuka huko. Mwanamke anapokaribia kukoma, ovari hazifanyi kazi kwa mpangilio tena, basi estrojeni hupanda mwezi huu kuliko kawaida, mwezi ujao ikaporomoka. Mimi nilimwelewa kwa friji. Umeme ukikatika moja kwa moja friji haidhuriki, inalala. Kinachounguza friji ni umeme unaochezacheza, unakuja mdogo, unakuja mkubwa. Akacheka, akasema ndivyo, na ndiyo maana wengi hupata nafuu umeme huo ukishazimika kabisa, yaani hedhi ikipotea miezi 12 mfululizo. Ila akanitahadharisha kwamba mchezo huo wa kabla unaweza kuchukua miaka.

Cha pili nilikuwa nakipika mwenyewe. Dawa za maumivu za mchanganyiko kama zile zangu, ukizimeza siku 10 au zaidi kwa mwezi, miezi inafuatana, zenyewe huzaa kichwa. Hata zile za kawaida kama paracetamol, ukifika siku 15 kwa mwezi, ni hivyohivyo. Nilibisha. Nilimwambia dokta, dawa ya kichwa italetaje kichwa? Akaninyooshea kalenda.

Kuziacha ndiyo sehemu ambayo sitaki kuirudia. Alinieleza kwamba kwa vidonge vyangu naweza kuacha mara moja, na kwamba siku za mwanzo kichwa kitazidi kabla hakijapungua. Nikachagua wiki isiyo na arusi, nikampa binti yangu lile kopo akalifiche. Siku ya pili niliona heri kuzaa. Siku ya tatu nilimwomba kidonge kimoja, akanikatalia, nikamtukana mtoto wangu kwa kosa la kunitii. Siku ya nne nililala mchana kutwa. Siku ya tisa niliamka, nikakaa kitandani, nikawa nasikiliza kichwani kama mtu anayesikiliza kama mvua imeacha. Kulikuwa kimya. Sikumwambia mtu mpaka jioni, nisije nikajitia nuksi.

Kwa kile cha homoni alinipa mambo mawili. Kwa wanawake ambao hedhi yao bado inakuja kwa tarehe, alisema, hutumika dawa ya siku chache tu, kuanzia siku mbili kabla ya hedhi. Yangu haitabiriki, kwa hiyo nikahitaji ya kila siku. Iko moja inayotumika sana, propranolol, lakini nilipomwambia utotoni nilikuwa na pumu akaifuta papo hapo. Akaniandikia amitriptyline, kidogo sana, nimeze jioni. Niliogopa niliposikia ni dawa inayotibu pia sonona. Nikadhani ananiona nimechanganyikiwa. Akanifafanulia kwamba kwa kiasi kidogo inatuliza kipandauso na inaleta usingizi. Kweli ilileta. Wiki mbili za mwanzo mdomo ulikuwa mkavu kama unga na asubuhi nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia. Nikaisogeza hadi saa mbili usiku badala ya saa nne, ikakaa sawa. Na sikuona faida yoyote mpaka wiki ya saba, kwa hiyo anayeanza asiitupe dawa siku ya kumi.

Jambo la pili ni dawa ya siku kinapokuja. Zamani nilikuwa nasubiri nione kama kitapita. Sasa kikianza tu namaliza kula, nameza ibuprofen na kidonge cha kuzuia kichefuchefu, naingia ndani. Aliniruhusu ibuprofen kwa kuwa sina vidonda vya tumbo, figo na presha viko sawa. Mipaka yangu ni siku mbili kwa wiki, si zaidi, na kila D inakwenda ukutani.

Nilimuuliza pia habari za homoni za kuongezea wanazosemea akina mama mitandaoni. Alisema zipo, na kwa mwenye kipandauso zile za kubandika ngozini ni afadhali kuliko za kumeza, kwa sababu haziendi juu na chini. Ila kwangu akaona tungoje. Alichosisitiza ni kingine: kwa kuwa mimi naona ule mwanga wa zigizaga, nisithubutu kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, vinaongeza hatari ya kiharusi. Nilivimeza miaka sita nilipokuwa na miaka thelathini na kitu, na sikuwahi kuulizwa kuhusu mwanga wowote.

Ramadhani iliyofuata nilijipanga. Kisa changu kikubwa kilikuwa kahawa chungu, vikombe vitatu kwa siku, kisha Ramadhani inaingia unaikata ghafla na kichwa kinakulipiza. Mwezi wa Shaaban nikaanza kupunguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, nikabakiza kimoja, nacho nikakihamishia daku. Daku yenyewe nilikuwa naidharau, nakunywa maji nalala. Sasa nakula chakula cha kushiba, naichelewesha, maji nayanywa kidogokidogo tangu futari. Kikinishika kweli nafungua na nitalipa, ustadhi alishaniambia mgonjwa ana ruhusa. Nilifungua siku mbili. Magauni ya Idi yalitoka yote, ingawa safari hii niligoma kupokea kazi baada ya kumi la pili.

Mengine ni madogo. Saa nne usiku cherehani inafunikwa, maana nikikosa usingizi kesho yake najilaumu. Kaskazi ikizidi natandika mkeka sebuleni panapopita upepo. Jioni nachukua baiskeli hadi Raskazone, ufukweni, na kurudi. Sijui kama ni bahari au ni kuwa mbali na wateja.

Jirani yangu mmoja, aliyevuka hamsini na hakuwahi kuumwa kichwa maishani hapo kabla, alikuja kuniomba dawa zangu. Nilimnyima. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba kichwa kinachoanza kwa mara ya kwanza umri huo, au kinacholipuka ghafla kwa nguvu zote, au kinachokuja na homa na shingo kukakamaa, ulimi kuwa mzito, upande mmoja kukosa nguvu, hicho si cha kupeana vidonge uani, ni cha hospitali siku hiyohiyo. Alinuna, lakini alikwenda.

Sasa nina miaka 49. Kalenda ya mwezi uliopita ina K nne, mbili kati yake zina duara. H sijaiandika, huu ni mwezi wa tano mfululizo. Mwaka jana nilifika mwezi wa saba, nikaanza kujipongeza, ikarudi na kichwa chake cha siku tatu, kwa hiyo safari hii nahesabu kimyakimya. Jumamosi kuna arusi nyumba ya tatu kutoka hapa. Nimeshawaambia nitakaa karibu na mlango, na wifi ameahidi chetezo hakitapita upande wangu.