Sifuri ya Jumatatu

Jumatatu kwangu ni siku ya simu. Wiki yetu ya magonjwa huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, kwa hiyo ikifika Jumatatu inayofuata kila zahanati na kila kituo cha afya kinatakiwa kiwe kimetuma hesabu ya wagonjwa wa wiki iliyopita. Mimi ni mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa katika wilaya moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa zahanati, ndiyo maana nikimpigia nesi Jumatatu asubuhi najua amezungukwa na nini: kina mama wa kliniki wamejaza benchi zote, kuna mtoto wa homa kali anayesubiri kupimwa malaria, na mwenzake yuko likizo ya uzazi.

"Dada, wiki yako sijaiona."

"Dada, wiki nzima sikupata mgonjwa hata mmoja wa hayo magonjwa. Sasa nitume nini?"

"Tuma sifuri."

Mazungumzo haya nimeyafanya na karibu kila nesi wa wilaya hii, na sichoki kuyarudia. Zahanati iliyotuma sifuri imeniambia kwamba kuna mtu alifungua MTUHA, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akatafuta surua hakuiona, akatafuta kipindupindu hakukiona. Zahanati isiyotuma kitu imenyamaza tu, na mimi huku siwezi kujua kama imenyamaza kwa sababu kijiji ni kizima au kwa sababu nesi mwenyewe ndiye anayeumwa.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Yako magonjwa tunayoyahesabu kwa wiki, kama malaria. Yako mengine ambayo Jumatatu ni mbali mno: kipindupindu, surua, kimeta, tauni, homa ya manjano, pepopunda ya watoto wachanga, homa za virusi zinazotoa damu, mtoto kupooza ghafla. Hayo, mgonjwa mmoja tu wa kuhisiwa anatosha, na taarifa inatakiwa itoke ndani ya saa 24. Huhitaji jibu la maabara ndipo uripoti. Nesi anatuma kwa simu, hata ya kitochi, taarifa inaonekana wilayani, mkoani na wizarani. Utaratibu huu wa kuyaunganisha magonjwa yote katika mfumo mmoja nchi za Afrika ziliukubali mwaka 1998, kwenye mkutano wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika uliofanyika Harare. Zamani kila mradi ulikuwa na fomu zake, na aliyezijaza zote alikuwa nesi yule yule.

Sasa niseme jambo ambalo hata baadhi ya wenzangu hawalifikirii vya kutosha. Kuna sifuri njema na kuna sifuri inayotisha.

Chukua kupooza ghafla kwa watoto. Tanzania ilimwona mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na mwaka 2015 tukapewa cheti cha kuwa nchi isiyo na polio. Mtu anaweza kudhani basi sifuri kwenye safu hiyo ni jambo la kufurahia. Lakini watoto hupooza kwa sababu nyingi zisizo polio: mishipa ya fahamu kushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, sindano iliyochomwa mahali pasipostahili, maambukizi mengine. Wataalamu wanakadiria kwamba popote duniani, kwa kila watoto 100,000 wenye umri chini ya miaka 15, angalau mmoja kwa mwaka atalegea ghafla kwa sababu isiyo polio. Huku kwetu Afrika tunadaiwa kupata wawili au zaidi. Wilaya yenye watoto wengi ikimaliza mwaka bila kumwona hata mmoja, maana yake ni kwamba haikutazama. Na virusi vya polio vinapenda sana mahali pasipotazamwa, kwa sababu katika watu 200 hivi walioambukizwa ni mmoja tu anayepooza. Waliobaki wanacheza, wanakula, wanakwenda chooni, na virusi vinasambaa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kwenda kuwatafuta watoto ambao hawajaletwa kwetu. Mtoto akilegea mguu asubuhi kijijini, wa kwanza kumwona si nesi. Ni bibi yake, kisha jirani, kisha mganga wa tiba asili. Ndiyo maana nina namba za waganga kwenye simu yangu, na nikienda vijijini napita kwao, nakaa, naongea nao habari za mvua na usipa, ndipo nawaeleza shida yangu: mtoto yeyote chini ya miaka 15, mguu au mkono ukilegea ghafla bila kuumia, nipigieni. Siwaambii waache kutibu. Nawaomba wanipigie.

Mzee mmoja wa kijiji cha ziwani alinipigia kipindi cha mvua, usiku.

"Mwanangu, kuna mtoto kaletwa hapa, mguu umelala. Juzi alikuwa anakimbia."

Familia ilikuwa imeshaamini kwamba mtoto amekanyaga kitu alichotegewa. Mzee hakubishana nao, na mimi sikubishana nao nilipofika. Niliongea na bibi wa mtoto, kwa sababu nyumba ile neno lake ndilo lililokuwa na uzito. Aliniuliza swali la haki kabisa: "Mguu ndio mgonjwa, choo chake mnakitakia nini?" Nikamweleza kwamba virusi vya polio hukaa na kuzaliana tumboni, vinatoka kwa njia ya haja kubwa, na kwamba tukipata choo mapema tutajua kama watoto wengine wa kijiji wako hatarini. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi subirini ale."

Sampuli zinatakiwa mbili, zipishane saa 24 au zaidi, zote ndani ya siku 14 tangu mtoto alegee, maana katika majuma mawili ya kwanza ndipo virusi hutoka kwa wingi. Mbili kwa sababu havitoki kila mara. Kila moja kiasi cha kidole gumba cha mtu mzima. Kuanzia hapo ni mbio za barafu: sampuli ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, iwe maabara ndani ya siku tatu. Kisanduku chake hakirudi tena kubeba chanjo. Kwetu, kisanduku hicho kinatoka kijijini kwa mtumbwi wa injini ziwa likiruhusu, kisha pikipiki, kisha gari linalopanda milima ya Umatengo kwenda Mbinga na Songea, kisha basi la Dar es Salaam, na kutoka hapo kinavuka mpaka kwenda kwenye maabara ya polio. Nilimwomba dereva wa basi asikiweke karibu na injini. Aliniuliza ni nini, nikamwambia ni sampuli ya mtoto. Akakiweka mbele, miguuni pa kondakta. Kuna watu wengi katika mfumo huu ambao hawamo kwenye mwongozo wowote, na yule dereva ni mmoja wao.

Jibu lilirudi: hakuna polio. Baada ya siku 60 tangu kulegea unatakiwa urudi umwangalie mtoto, uone kama ulegevu umebaki. Nilimkuta mchangani na wenzake, mguu umerudi, na nilipomwambia asimame kwa mguu mmoja alisimama huku akicheka. Kisha nikaenda kwa mzee. Nilimweleza jibu lote, kwamba si polio, kwamba simu yake imefanya kazi yake sawasawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Kwa hiyo niendelee kupiga?"

"Endelea, baba."

Ameendelea. Na hapa ndipo lilipo neno langu la leo. Kama nisingerudi na jibu, simu ile ingekuwa ya mwisho. Mtu anayetoa taarifa na asisikie chochote hujifunza kwamba taarifa yake haina maana, awe mganga, awe nesi, awe mwalimu wa shule ya msingi. Tunafundisha sana jinsi ya kutuma. Kurudisha majibu tunakuchukulia kama hisani, mtu afanye akipata nafasi, wakati ndiko kunakoufanya mfumo uishi.

Februari 2022 Malawi walitangaza mgonjwa wa polio ya asili, mtoto mdogo wa Lilongwe aliyepooza Novemba 2021. Vinasaba vya virusi vile vilifanana na vya Pakistani. Afrika ilikuwa imetangazwa huru na polio ya asili Agosti 2020, na Malawi kwetu ni ng'ambo ya maji: usiku mtulivu unaona taa za wavuvi wao. Machi ile tulipita nyumba kwa nyumba na matone ya chanjo katika mikoa ya mpakani, Ruvuma, Njombe, Mbeya na Songwe. Naikumbuka hofu yangu ya wiki zile. Sikuogopa sana virusi kuvuka ziwa. Kwamba vinaweza kuvuka nilijua siku zote. Nilichokuwa nikijiuliza usiku ni kama zile sifuri za zahanati za mwambao zilikuwa za watu waliotazama. Mwaka uliofuata polio ya aina ya 2, ile inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika, ilionekana kwa mtoto wa Rukwa, na ilionekana kwa sababu mtu alimwona mtoto amelegea na hakunyamaza.

Kisa ninachopenda kuwasimulia manesi wapya ni cha Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Wagonjwa walianza kufika kutibiwa Mbekenyera na homa, kichwa, uchovu mkubwa na damu kutoka puani. Ingekuwa rahisi kuandika malaria kitabuni na kuendelea na foleni. Taarifa ilipanda, sampuli zikachukuliwa, zikapimwa Ebola, Marburg na UVIKO-19, zote hakuna. Mwisho ikajulikana ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Wagonjwa walikuwa 20, watatu walifariki. Ugonjwa huu unatibika kwa antibaotiki za kawaida, lakini lazima kwanza ujulikane upo. Sijui leo hii wale wahudumu wa Mbekenyera wanapangiwa zamu vipi, ila kila nikipita pembeni ya benchi la wagonjwa nawafikiria.

Kagera nayo imelipa gharama ambayo watu wa huku kusini hatuijui vizuri. Machi 21, 2023 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza Marburg, moja ya zile homa za virusi zinazotoa damu, Bukoba Vijijini. Mpaka mlipuko unaisha Juni 2 wagonjwa walikuwa tisa na waliofariki sita, mmoja wao mhudumu wa afya. Januari 2025 ikaja Biharamulo: watu 10, wote wakafariki, na wanane kati yao walifariki kabla mlipuko haujathibitishwa. Nikiusoma mstari huo wa mwisho naumia. Na angalieni mlipuko wa Marburg unavyotangazwa kuisha: baada ya mgonjwa wa mwisho zinahesabiwa siku 42, mara mbili ya siku 21 ambazo kirusi kinaweza kujificha mwilini. Siku 42 za sifuri, zilizotafutwa nyumba kwa nyumba.

Kinachoua sifuri ya kweli ni hofu. Nimeshuhudia nesi akiripoti wagonjwa wa kuharisha maji kama ya mchele, dalili ya kipindupindu, na wa kwanza kumpigia akawa kiongozi anayeuliza kwa nini amechafua jina la kata. Yule binti alinyamaza kwa muda mrefu baada ya hapo. Nilimwendea, nikakaa naye zahanati siku nzima, nikamwonyesha visima vilivyotiwa dawa kwa sababu ya ujumbe wake. Wakubwa wenzangu, akiripoti mtu, simu ya kwanza imwendee na shukrani. Ya pili imwendee na maji tiba, glovu na dawa. Maswali mengine yote yanaweza kusubiri jioni.

Na nyinyi wazazi na walezi mnaosoma: mtoto akilegea mguu au mkono ghafla, hata kama mnaamini mnajua kilichomkuta, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, kabla siku 14 hazijakatika. Wizara ina namba 199, kupiga ni bure. Anayekuja kuomba choo cha mtoto mpeni, na kabla hajaondoka mdaini jibu. Mwambieni kabisa: tutakusubiri urudi utuambie.