Vizibo vya soda

Watu bado wananiuliza: "Yaani chuo kikuu miaka yote hiyo, usomee kufundisha chekechea?"

Ndiyo. Na tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iufanye mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, walimu wa hawa watoto wanahitajika kweli.

Basi leo, mazoezi ya kufundisha. Watoto kwenye mkeka, kila mmoja na rundo lake la vizibo vya soda. Kuna binti mmoja anakuhesabia moja mpaka kumi kwa kasi ya kondakta wa daladala, hakwami popote.

Nikamwambia, "Haya, nipe vitano."

Akanijazia kiganja.

Tukahesabu wote taratibu, kidole juu ya kila kizibo. Tulipofika cha tano, mkono wake ukasita hewani. Akakitazama. Halafu akavivuta vilivyobaki, akavifunika kwa viganja vyote viwili: "Hivi vyangu, mwalimu!"

Piaget, yule mwanasaikolojia wa jinsi watoto wanavyojifunza kufikiri, tumemsoma sana, lakini ule mkono kusita, jamani!

Walimu wa awali, nyie mnatumia nini zaidi ya vizibo? Mbegu? Vijiti? Nitupieni hapa, kesho nina kipindi asubuhi.