Kiberiti Nyuma ya Tairi

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa ajili ya arobaini ya shangazi, tulikwama nyuma ya lori la saruji ambalo kwa kila kona lilisimama, likanguruma, kisha likajikokota tena kwa hatua chache. Vioo vya gari letu vilikuwa wazi. Harufu iliyoingia ilikuwa ile chungu, kama ya kitambaa na karatasi vinavyoungua pamoja ndani ya chumba kisicho na dirisha. Binti yangu, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika usukani, akaniuliza: "Baba, nini kinaungua?" Nikamwambia ni klachi. Akauliza kama yetu nayo inaweza kuungua, nikamjibu kwamba sisi gari letu lina kanyagio mbili tu, asiwe na wasiwasi. Baada ya hapo sikusema neno mpaka Soni, na mama yake akadhani nimechukia mwendo wake.

Kwa mawazo nilikuwa nimerudi mwaka 1999.

Mjomba wa Korogwe alikuwa amenitumia salamu kupitia kondakta wa basi kwamba Mombo kuna Peugeot 504 inauzwa, ya mtu mmoja, haijawahi kupita mikononi mwa dalali. Kwa sisi tuliokulia kando ya barabara ile, jina la Pijo lilitosha kumtoa mtu kitandani. Ndilo gari ambalo Ove Andersson alishindia mashindano ya Safari mwaka 1975, na hata kabla hatujajua kusoma tulilitambua kwa mbali kwa buti lake lililoinama na kwa simba wa mbele. Nilifika Mombo siku ya Jumanne asubuhi. Gari lilikuwa chini ya mwembe, rangi yake ya maziwa imefifia kwenye boneti, viti vimefunikwa kwa vitambaa vya kufumwa kwa mkono. Mambo ya bei, kadi ya gari na hali ya matairi yalimalizwa haraka kati ya Mjomba na mwenye gari, na sina haja ya kuyaeleza.

Mwenye gari alikuwa mzee aliyeendesha magari ya shamba la mkonge kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu. Nilimwamkia, akaitika, akanitazama miguu. Nilikuwa nimevaa viatu vya soli nene, akaniambia nivivue. Akanikalisha kwenye kiti cha dereva bila kunipa ufunguo, akaniagiza nikanyage klachi hadi mwisho na kuiachia polepole, tena na tena, huku injini ikiwa imezimwa. "Mguu uijue kwanza," alisema. Mkono wa gia ulikuwa kushoto kwa usukani, na kirungu chake kilikuwa kimelainika kwa kiganja chake mpaka maandishi ya namba za gia yalikuwa yamefutika kabisa. Ilibidi anitajie kila gia ilipo, zote nne na ya kurudi nyuma, nami nizirudie kwa sauti kama mtoto wa madrasa.

Kwenye tambarare, katikati ya mashamba ya mkonge, gari lilinipa raha ambayo sijaipata tena kwa gari lolote. Springi zake zilimeza mashimo bila kutikisa mabega yetu. Gia ya tatu iliingia yenyewe, ningesema, iliposikia kasi imefika. Mzee hakusema lolote. Tulipokaribia njia panda nilitaka kugeuza, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuridhika, lakini akanyoosha kidole upande wa milima. "Gari hujaribiwa mlimani," alisema.

Tulipanda. Wanaoijua barabara ile wanajua kwamba haikupi muda wa kuizoea: kona inafuata kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mahali fulani juu ya kona za mwanzo, ambapo barabara ilipanuka kidogo na kulikuwa na lundo la kokoto, mzee aliniambia nisimame. Nikasimama kwa breki ya mguu, klachi imekanyagwa hadi mwisho, mteremko wote ukiwa nyuma yetu. Akafungua mlango, akashuka, akatoa kiberiti mfukoni. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona anainama nyuma ya gurudumu la nyuma la upande wangu na kukisimamisha kile kiboksi wima, kimegusana na mpira wa tairi. Kisha akaja mpaka kwenye dirisha langu.

"Ondoka," alisema. "Kiberiti changu nakitaka kizima. Na breki ya mkono usiiguse."

Nimeendesha magari mengi tangu siku ile, lakini dakika ile nadhani ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa nyuma ya usukani. Niliingiza gia namba moja. Mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka goti zima, nikaukaza ili utulie, nao haukutulia. Nilianza kuachia klachi. Mwanzoni hakuna kinachotokea, na hapo ndipo mtu asiyejua anapokosa subira akaachia ghafla, gari likazima. Mzee aliona uso wangu. "Usitazame chini," alisema taratibu, "sikiliza." Nikasikiliza. Sauti ya injini, iliyokuwa nyepesi, ikashuka, ikawa nzito kama mtu aliyebebeshwa gunia, na wakati huohuo pua ya gari ikainuka kidogo mbele yangu. Sahani ya klachi ilikuwa imeanza kubanwa, bado inateleza, lakini imekwisha kuubeba uzito wa gari. Ile harufu ikapanda. Niliondoa mguu wa kulia kwenye breki.

Gari halikwenda mbele wala nyuma. Lilining'inia palepale, tani nzima na zaidi pamoja na Mjomba kwenye kiti cha nyuma, likishikiliwa na unyayo wangu mtupu. Nilihisi kupitia kanyagio mtetemo mdogo, wa haraka, kama mapigo ya moyo wa kuku ukimshika mkononi. Najua kwamba ilikuwa ni sekunde chache tu, kwa kuwa klachi isingevumilia zaidi, lakini katika sekunde hizo nilielewa kwa mwili wangu jambo ambalo walimu wa udereva walikuwa wamelieleza kwa maneno wiki nzima. Kisha nikaongeza mafuta, nikaachia klachi iliyobaki, gari likapanda.

Nilisimama mbele palipo sawa. Kwenye kioo nilimwona mzee akiinama tena, akikiokota kiboksi, akikigeuza kwenye mwanga. Alikuja kwa miguu bila haraka. Alipoingia ndani alikiweka juu ya dashibodi mbele yangu, nami nikaona kwamba kona moja ilikuwa imebonyea, kiasi cha ukucha wa kidole kidogo.

"Uliogopa?" aliniuliza.

"Hapana, mzee," nilimjibu.

Akatikisa kichwa kukubali, akachukua kiberiti chake akakirudisha mfukoni. Wakati wa kushuka alisema mara moja tu, kwamba mlima hushukwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia, na kwamba anayeshuka kwa kutegemea breki peke yake atazikuta hazipo siku anayozihitaji. Tulikubaliana nirudi Ijumaa na fedha.

Ijumaa nilirudi na fedha. Mzee alikuwa msikitini. Mkewe alinikaribisha, akanipa maji, akaniambia kwa huzuni ya kweli kwamba gari haliuzwi tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Sikupewa sababu, na Mjomba, aliyejaribu kuuliza baadaye, naye hakupewa. Mwaka uliofuata nilinunua Corolla Dar es Salaam, yenye gia za otomatiki, na tangu hapo mguu wangu wa kushoto haujawa na kazi ndani ya gari.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kuliko linavyostahili. Kuna siku naamini ni ile kona ya kiberiti. Kuna siku naamini ni jibu langu, kwa kuwa mtu aliyefundisha madereva vijana miaka yote ile lazima alikuwa ameliona goti langu, na hapo aliponiuliza huenda alikuwa akijaribu kitu kingine kabisa ambacho mimi sikukifaulu. Siku nyingine nafikiri kwamba mimi sikuhusika hata kidogo, kwamba mzee alikuwa ametaka kulipandisha gari lake mlimani mara moja zaidi akiwa abiria, na alipolisikia linavyopanda akashindwa kuachana nalo. Hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda, na kwa sababu hiyo siiamini sana.

Jumapili, wakati wa kushuka, nilimweleza binti yangu habari zote hizi. Aliniuliza swali lilelile la mzee, nami nikamwambia kweli: niliogopa mno. Hakusema kitu. Alishusha mkono wa gia hadi namba 2, kama nilivyokuwa nimemwelekeza, injini ikashika mwendo wa gari, tukateremka kona kwa kona bila breki kutoa harufu. Mombo nilimwomba apunguze mwendo. Mwembe bado upo. Chini yake, pale gari lilipokuwa, bodaboda wanasubiri abiria, na ardhi ni nyeusi kwa oili.