Matope, maji na filta iliyoziba
Jana nimeshinda maabara na matope ya chini ya ziwa, natafuta elementi zinazoyeyuka kwenye maji tu, sio zote zilizomo. Unakausha sampuli, unachekecha, gramu 10 unatia kwenye maji safi kabisa mililita 100 halafu mashine inatikisa masaa 24. Mpaka hapo raha. Balaa ni kuchuja, filta ya maikromita 0.45 ikikutana na udongo wa mfinyanzi inaziba, yaani tone moja moja mpaka unasinzia, na ukilazimisha inachanika, chembe zinapita, majibu ya chuma na alumini yanapanda ya uongo. Asidi ya nitriki, ile ya kuhifadhi maji mpaka yapimwe, tia baada ya kuchuja jamani, ukitangulia inayeyusha hata visivyotakiwa. Na blanki, yaani maji matupu bila matope unayoyapitisha hatua zilezile ili kulinganisha! Mimi niliisahau, leo narudia yote.