Malta, Nchi Isiyo na Mto

Katika ua wa nyumba ya zamani niliyopanga mjini Rabat, kisiwani Malta, palikuwa na jiwe la mviringo lenye pete ya chuma katikati. Kwa siku mbili nilidhani ni pambo. Siku ya tatu mama mwenye nyumba alilisogeza kando, akateremsha ndoo kwa kamba, nami nikaisikia ikigonga maji mbali sana chini ya miguu yetu. Aliniambia kwamba hicho ndicho *bir*, yaani kisima, na kwamba waliojenga nyumba ile walianza kwa kuchimba shimo hilo kabla ya kuinua ukuta hata mmoja, kwa kuwa mawe yaliyotoka shimoni ndiyo yaliyojengea kuta. Kina mdomo mwembamba na tumbo pana, kama mtungi uliofukiwa. Hakifikii maji ya ardhini hata kidogo. Kazi yake ni kupokea mvua inayoteremka kutoka kwenye paa na kuitunza hadi kiangazi.

Ili kuelewa kwa nini kila nyumba ilihitaji mtungi wa namna hiyo, inafaa kuitazama ramani. Malta ni nchi ya visiwa katikati ya Bahari ya Mediterania, kilomita zipatazo 90 kusini mwa Sisilia. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 316: kisiwa chenyewe cha Malta kina 246, Gozo kina 67, na Comino ni kipande kidogo kilichoketi kwenye mlango wa bahari kati yao. Hakuna mlima, mahali pa juu kabisa, Ta' Dmejrek karibu na majabali ya Dingli, pana mita 253 tu. Hakuna ziwa, wala hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua ni kama milimita 550 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Septemba na Machi. Mwezi Julai mtu anaweza kukaa wiki nyingi bila kuona wingu lenye maana, na mashamba yaliyokuwa ya kijani mwezi Februari hugeuka rangi ya majani makavu.

Siri yote iko kwenye mwamba. Juu kabisa kuna chokaa ngumu ya matumbawe yenye nyufa nyingi. Chini yake, hasa magharibi mwa Malta na kisiwani Gozo, kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi wa rangi ya buluu, ambao haupitishi maji. Chini ya udongo huo kuna chokaa laini ya rangi ya asali, ambayo wenyeji huiita *franka* na ambayo imejenga karibu kila nyumba na kanisa la zamani nchini. Mvua inayopenya juu ya Rabat na Dingli husimamishwa na ule udongo, kisha hujitokeza pembeni kama chemchemi, na ndiyo maana mabonde ya upande huo yana bustani na miti ya matunda. Mahali ambapo udongo haupo, maji hushuka hadi usawa wa bahari na kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya ndani ya mwamba, kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Ni hazina iliyokaa juu ya chumvi: ukiivuta kwa pupa, chumvi hupanda. Visima vya mashine vilivyochimbwa kwa wingi katika karne ya 20 vilifanya hivyo hasa, na mbolea na samadi za mashambani zikaongeza naitreti, kemikali ya mbolea, katika maji yaliyobaki.

Kimalta kinakumbuka haya yote kwa majina ya mahali. Lugha hiyo ilizaliwa na Kiarabu cha Sisilia, nayo huandikwa kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hushtuka kwa furaha anapokutana na *baħar* kwa bahari, *ktieb* kwa kitabu na *aħbar* kwa habari. Ukifungua ramani utaona Birkirkara na Birżebbuġa, ambazo zimeanza na kisima, na Għajnsielem na Għajn Tuffieħa, ambazo zimeanza na chemchemi. Watu hawapi mahali jina la kitu wanachokipata bila taabu.

Mji mkuu, Valletta, ulianzishwa mwaka 1566 juu ya rasi ya mawe matupu, na kila nyumba ilitakiwa kuwa na kisima chake. Havikutosha. Kati ya 1610 na 1615, wakati wa utawala wa Alof de Wignacourt, mkuu wa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane waliotawala visiwa hivyo, ulijengwa mfereji wa kilomita zipatazo 16 kuleta maji ya chemchemi kutoka maeneo ya Rabat na Dingli, na matao yake bado yanaonekana kandokando ya barabara kati ya Birkirkara na Attard. Niliyagusa mawe yake nikiwa njiani kwenda mjini. Ni franka ile ile, imelika kwa upepo wa chumvi hadi ikawa na matundu kama sega la nyuki.

Leo mfereji wa Malta ni bahari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtambo ulipofunguliwa Għar Lapsi, nchi imekuwa ikisukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia utando mwembamba unaoizuia chumvi, na sasa zaidi ya nusu ya maji ya bomba hupatikana kwa njia hiyo. Ni kazi ya uhandisi ninayoiheshimu kwa dhati. Lakini hula umeme mwingi, na umeme wenyewe hutokana kwa sehemu kubwa na gesi inayoagizwa kutoka nje na waya wa chini ya bahari kutoka Sisilia ulioanza kazi mwaka 2015. Kwa hiyo bomba la jikoni Rabat limefungamana na mambo yaliyo mbali sana na Rabat.

Kinachonitia wasiwasi ni idadi ya watu. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 417,432. Ile ya 2021 ilihesabu 519,562, yaani watu zaidi ya 1,600 katika kila kilomita ya mraba, msongamano mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote ya Umoja wa Ulaya. Ongezeko hilo halikutokana na uzazi, kwani Wamalta wana kiwango cha chini kabisa cha uzazi katika Umoja huo. Limeletwa na wageni waliokuja kufanya kazi, ambao mwaka 2021 walikuwa zaidi ya mmoja kati ya kila watu watano. Sioni haki ya kuwalaumu. Wao ndio wanaohudumia hoteli, hospitali na maeneo ya ujenzi. Zaidi yao walifika watalii zaidi ya milioni 3.5 mwaka 2024. Kila mmoja wa watu hao huoga, na wengi wao huoga mwezi Agosti.

Wapo pia wakazi wasiohesabiwa katika sensa. Katika mabonde machache yenye maji ya kudumu, kama Baħrija, bado anaishi kaa wa maji matamu aitwaye *qabru*. Picha yake ilikuwa kwenye sarafu ya senti 5 ya Malta hadi yuro ilipoingia mwaka 2008. Kijito kikikauka kwa sababu mtu amevuta maji yote kwa pampu huko juu, kaa huyo hana pengine pa kwenda.

Mwishoni mwa Agosti nilimsaidia mama mwenye nyumba kusugua paa kwa brashi, ili mvua ya kwanza isiteremshe vumbi na kinyesi cha njiwa kisimani. Kutoka pale juu tuliona kiwanja cha jirani, ambapo nyumba ya zamani ilikuwa imebomolewa ili yajengwe maghorofa yenye maegesho chini. Sheria inataka jengo jipya nalo liwe na kisima cha mvua. Mama aliniambia kwamba kisima cha nyumba ile kilikuwa kikubwa kuliko chake, na kwamba utotoni walikuwa wakichota huko chake kilipokauka. Katikati ya kiwanja uliachwa mdomo wa shimo la duara, nusu yake ikiwa imeshajaa kifusi.