Niliwaambia mimi ni mtu wa Kigoma

Nilipofika Dodoma mwishoni mwa 2022 swali la kwanza mtaani lilikuwa "dogo, we mtu wa wapi?" nikajibu Kigoma, wala sikufikiria, likatoka tu. Na watu walikubali maana Kirundi chetu na Kiha cha Kigoma ni ndugu kabisa, na Kiswahili mi sikujifunzia ukubwani, sisi wa Buyenzi pale Bujumbura ndo lugha ya nyumbani tangu enzi za babu, na Waislamu tumejaa mtaa mzima. Basi nikawa Muha.

Ukweli ni kwamba 2015 hali ilipochafuka Burundi, rais Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu, mama alitukusanya tukashuka na ziwa mpaka Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania mpakani, kimebanwa kati ya mlima na maji, maelfu ya watu tumelala mchangani na kipindupindu kimeshaingia. Meli ya Liemba ndo ilitutoa pale, ile ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, haifiki ufukweni kwahiyo unafuatwa na boti kwanza, afu Kigoma, uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, afu mabasi hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilikuwa na miaka 13, nikakulia hapo. Shule ya kambini ilikuwa mtaala wa Burundi, Kifaransa na Kirundi. Nilivyomaliza nikapata ufadhili wa chuo Dodoma na kibali cha kutoka, maana kwa sheria ya wakimbizi ya 1998 huruhusiwi kukaa nje ya kambi bila kibali, na changu nilikiweka kwenye plastiki nikawa natembea nacho hata nikienda dukani kununua sukari.

Kwanini nilidanganya? Sio kwamba naikataa kwetu. Nilichoka. Neno mkimbizi likishatajwa watu wanabadilika, mwingine anaongea na wewe taratibu kama mgonjwa, mwingine anaanza kukuchunga. Nilitaka nisalimiwe tu kama kijana yeyote.

Ila uongo nao unataka matunzo. Soko la Majengo niliulizia lengalenga, mama wa mboga akanikazia macho, "lengalenga ndo nini baba?" kumbe huku ni mchicha. Nikiona dagaa mdomo unataka kusema ndagala. Siku moja kwenye duka la vocha nikakutana na Muha wa kweli, kafurahi kweli, akauliza kwetu kijiji gani, nikasema Kasulu, akasema Kasulu sehemu gani, nikajifanya simu inaita nikatoka. Toka siku hiyo njia ile sikupita tena, nazunguka mbali.

Msikitini ndo nilipumua. Ndani ya safu hakuna anayekuuliza kitu, bega kwa bega, lakini imamu akishatoa salamu mi nilikuwa wa kwanza kwenye viatu. Hata Ramadhani ya 2023 nilikuwa nakaa karibu na mlango, tende, uji, mihogo, afu naondoka kabla maongezi hayajaanza. Muadhini wetu pale Chang'ombe, mzee mmoja mpole sana, kila akiniona ni "Kigoma, umekula?" na kila akisema hivyo nilikuwa nasikia vibaya moyoni.

Mwezi wa saba mzee akafariki.

Tulienda makaburini asubuhi kuchimba. Anayeijua Dodoma mwezi wa saba anaelewa, upepo wa baridi unapiga, vumbi machoni, na ardhi haijaona mvua tangu masika. Juu ni mchanga, ukishuka kidogo tu inakuwa ngumu kama saruji, sururu inaruka mkononi, tukawa tunamwaga maji ya ndoo tunasubiri yanywe ndo tunapiga tena. Mi kuchimba nakujua, kambini nimezika wengi, wengine rafiki zangu. Tulipofika kwenye mwanandani, ile nafasi ya pembeni anapolazwa maiti, nikashuka mwenyewe, nikawa nakata upande wa kibla taratibu ili ukingo usimeguke. Baba mmoja alikuwa kachuchumaa juu ananiangalia, akauliza, "nani kakufundisha kukata hivi?"

Nilikuwa ndani ya kaburi la mtu aliyekuwa ananiita jina la uongo. Nikashindwa. Nikasema, "Kambini baba, Nyarugusu. Mi sio wa Kigoma, mi Mrundi wa Buyenzi, mkimbizi."

Wakanyamaza wote. Upepo tu. Afu yule baba akasema, "Haya. Ongeza hapo kushoto, bado pamebana."

Basi. Akanipa na maji ya kunywa. Jioni kwenye kisomo mjane wa marehemu akaita jikoni, "we Buyenzi, kuni zimeisha", na mi nikaenda kupasua kuni na vijana wengine, yaani nilifurahi kutumwa vile siwezi kueleza. Si wanasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, mi siku ya tatu yangu ilichelewa miezi nane kwa sababu nilikuwa nalikwepa jembe lenyewe.

Sio wote walipokea vizuri. Mwenye nyumba wangu aliposikia alitaka kodi ya miezi sita mbele, hela sina, na watu wa msikitini ndo walionitafutia chumba kingine. Na simwambii mtu aliye kama mimi aende kujitangaza kwa kila mtu, hapana. Kwenye ofisi sema ukweli siku zote na kibali kisipitwe na muda, mtaani chagua mwenyewe. Ila usikae mlangoni. Fagia mikeka, jaza maji ya udhu, kwenye msiba shika sururu, watu watakujua kwa mikono yako kabla hawajauliza kwenu.

Ramadhani iliyofuata nilipika mimi futari siku moja, ndagala na lengalenga, sufuria ikarudi tupu. Na yule mama wa mboga Majengo nilimweleza kila kitu, sa hivi akiniona tu kwa mbali anapaza sauti, "baba, lengalenga ipo, fungu mia tano!"